Gobori, Kiasi na Mtambo wa Kujazia: Historia ya Risasi katika Nchi za Maziwa Makuu kwa Ushahidi wa Maneno

1.0 Utangulizi

Historia ya silaha za moto katika Afrika ya Mashariki na Kongo ya Mashariki imeandikwa zaidi kama historia ya bunduki. Tumeelezwa habari za bunduki zilizoshushwa Unguja, zikabebwa na misafara hadi Tabora, Ujiji na Nyangwe, na zikaamua vita vya karne ya 19. Kile kinachotiwa ndani ya bunduki kimepewa nafasi ndogo, hali bunduki isiyo na baruti wala risasi ni rungu tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali lenye uzito zaidi si nani alikuwa na bunduki, bali nani aliweza kuijaza tena baada ya kuipiga.

Ushahidi wetu ni wa aina mbili: matukio ambayo tarehe zake zajulikana, na msamiati wa Kiswahili wenyewe. Tumesukumwa kulichunguza jambo hili na mjadala wa kawaida miongoni mwa wapiga shabaha wa Marekani na Ulaya, yaani ni mtambo gani wa kujazia risasi nyumbani ufaao kununuliwa. Swali hilo, ambalo kwao halina ajabu, hapa Bukavu halina hata jina. Kukosekana kwa jina hilo kuna historia yake.

2.0 Msamiati wa kushindilia

Bunduki za kwanza kuenea bara zilijazwa kwa mdomoni. Mpigaji alipima baruti, akaimimina katika kasiba, akafuatisha risasi au marisau, kisha akashindilia kwa mdeki. Baruti na risasi ni maneno yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu. Risasi ni jina la madini kwanza, kabla ya kuwa jina la kitu kipigwacho; na madini hayo huyeyuka kwa moto mdogo, hata mtu mwenye kalibu aliweza kuyasubu mwenyewe. Yalipokosekana, watu walitia vipande vya chuma au vikokoto. Ama kushindilia ni kitenzi kitumikacho pia kwa gunia na kwa udongo wa sakafu. Kazi ya bunduki ilipewa jina la kazi ya nyumbani, na kwa kweli ilikuwa hivyo.

Hata hivyo, ndani ya kundi hili la magobori pana daraja mbili ambazo Kiswahili kilizitofautisha vema. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche ya jiwe. Bunduki ya fataki iliwashwa kwa kifuniko kidogo cha madini chenye dawa ilipukayo. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini jiwe moja hupiga mara nyingi, na fataki hupiga mara moja tu na hutoka kiwandani. Mwenye gumegume alihitaji baruti na kipande cha madini. Mwenye fataki alihitaji, zaidi ya hayo, mfanyabiashara aliyerudi kila msimu. Utegemezi ulianzia hapo.

Kwamba sauti ya silaha hizi iliacha alama katika lugha, twalijua kwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili alilinasibisha jina lake la Tippu Tip na mlio wa bunduki zake.

3.0 Kiasi: jina la kazi iliyoondolewa

Mnamo mwaka 1866 Mwingereza Edward Boxer na Mmarekani Hiram Berdan, kila mmoja kwa njia yake, walitengeneza namna za kuwasha risasi ya ganda la madini kwa kifataki kilichotiwa katikati ya kitako chake. Baruti, kifataki na risasi vikawa kitu kimoja kilichofungwa. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi. Baruti ya zamani ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Baruti ya Vieille yataka kiwanda cha kemia.

Kamusi za zamani za Kiswahili zilikiita kitu hiki kipya kiasi. Neno hili lastahili kutafakariwa. Kiasi ni kipimo, na mwenye gobori ndiye aliyekuwa akipima baruti kwa mkono wake. Risasi ya kiwandani ilipokuja, kipimo kilikuwa kimekwisha kupimwa na mtu mwingine, mbali sana. Hivyo kitu kikaitwa kwa jina la kazi ile ile iliyomtoka mpigaji mikononi. Baadaye neno risasi likameza maana zote mbili, na katika Kiswahili cha Kongo tukapata masasi, neno tulilo nalo pamoja na Kilingala. Leo kiasi kwa maana hiyo halisikiki.

4.0 Njia za bahari na sheria ya Brussels

Waliotaka kutawala walitambua mapema kwamba ni rahisi zaidi kuzuia baruti kuliko kukusanya bunduki. Desemba 1888 Ujerumani na Uingereza zilizingira mwambao kwa manowari, zikizuia utumwa kutoka na silaha kuingia. Tarehe 2 Julai 1890 Mkataba wa Brussels ulitiwa sahihi. Ibara yake ya 8 ilikataza kuingiza silaha za moto, baruti na risasi katika eneo lote lililo kati ya latitudo 20 Kaskazini na latitudo 22 Kusini, isipokuwa kwa masharti. Miongoni mwa vilivyoweza kuruhusiwa ni bunduki za gumegume zenye kasiba isiyo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Msomaji ataona kwamba mkataba huo ulipita hasa katika mpaka ule ambao msamiati wetu ulikuwa umekwisha kuuchora. Mwafrika aliweza kuachiwa kilichoshindiliwa. Kiasi kilibaki mikononi mwa serikali. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya utumwa, na biashara hiyo ilistahili kukomeshwa. Lakini matokeo mengine ni kwamba tofauti ya nguvu kati ya dola za kikoloni na watawaliwa iliwekwa katika sheria.

Athari zake zilionekana upesi. Msiri wa Bunkeya, aliyewahi kupata baruti kutoka pande zote mbili, Angola na mwambao wa Mashariki, alikuwa na upungufu wa baruti siku za mwisho za utawala wake, kabla ya kuuawa Desemba 1891. Katika vita vya 1892 hadi 1894 baina ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu na Waswahili wa Maniema, askari wa Dola walitumia bunduki za Albini, zilizopiga risasi za ganda, na wengi wa wapinzani wao walikuwa na magobori. Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka huo huo. Ujasiri haukukosekana upande wowote. Lakini upande mmoja ulilishwa na mto Kongo kutoka Atlantiki, na upande wa pili ulitegemea mwambao uliokwisha kufungwa.

Ni katika muktadha huu ndipo twaweza kuisoma upya imani ya maji. Katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na tena katika uasi wa Simba wa mwaka 1964 uliolia "Mai Mulele", wapiganaji waliahidiwa kwamba risasi za adui zingegeuka maji. Wataalamu wameieleza imani hiyo kwa upande wa dini na wa siasa. Sisi twaongeza hoja moja: asiyeweza kutengeneza wala kununua risasi alitafuta njia ya kuibatilisha ile ya mwenzake.

5.0 Mtambo wa kujazia na mipaka yake

Kwingineko mambo yalikwenda tofauti. Huko Marekani, John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mwaka 1884, akiuza koleo za kujazia upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Mwaka 1943 Fred Huntington alianzisha kampuni ya RCBS huko California, na mitambo ya mezani ikaenea majumbani. Leo mnunuzi huchagua kati ya mtambo ufanyao hatua moja kwa kila mvuto wa mpini, ambao ni wa polepole na wenye usahihi, na ule ufanyao hatua kadhaa kwa pamoja, ambao ni wa haraka na wa gharama. Mwenye kupiga risasi chache huchagua wa kwanza. Mwenye kupiga nyingi huelekea wa pili.

Uchaguzi huo wawezekana kwa sababu tatu zisizotajwa sana. Kwanza, sheria ya huko yauruhusu. Pili, maganda ya huko kwa kawaida yafuata mfumo wa Boxer, ambao kifataki chake hutolewa kwa urahisi. Tatu, vifataki na baruti isiyo na moshi huuzwa madukani. Kwa hiyo mtambo wa nyumbani haumfanyi mtu kuwa mtengenezaji kamili. Yeye ni mteja wa viwanda vingine.

Katika vita vyetu hali ni kinyume. Risasi nyingi zitumiwazo na bunduki za aina ya Kalashnikov hufuata mfumo wa Berdan, na mara nyingi ganda lake ni la chuma. Kulijaza tena ni taabu isiyo na faida. Ndiyo maana mafundi wa vijijini, walioweza kuunda gobori, hawakuanza kujaza maganda. Ufundi wa gobori ulibaki, ufundi wa kiasi haukuzaliwa, na lugha haikupata neno.

6.0 Sheria ya leo na hitimisho

Katika nchi yetu, silaha na risasi husimamiwa na Amri-Sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika Machi 2017, wataja katika jina lake si silaha ndogo tu, bali pia risasi zake na vipande vyote viwezavyo kutumika kuziunda, kuzitengeneza na kuziunganisha. Waandishi wake wametambua jambo ambalo waandishi wa 1890 walilijua pia, ingawa kwa nia tofauti.

Bukavu imepita katika vita vya 1964, 1967, 1996, 2004 na 2025. Bunduki moja yaweza kupita katika vita kadhaa hivyo, ikibadilisha mikono; risasi haipiti hata kimoja, maana hutumika na kwisha, na lazima iletwe nyingine kutoka kiwandani. Anayetaka kujua vita hudumishwa na nani hana budi kuifuata risasi kuliko bunduki, ijapokuwa kuhesabu bunduki zilizosalimishwa ni rahisi zaidi na hupendeza katika ripoti.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili ipo kazi isiyongoja. Mdeki, marisau, gumegume na kiasi ni maneno yanayokufa pamoja na wawindaji na wahunzi wazee wanaoyajua. Yakusanywe katika Bushi, Maniema na Tanganyika, pamoja na maneno ya lugha za kienyeji yanayolingana nayo, kabla hatujabakiwa na neno masasi peke yake.