Kutopendelea Katika Utunzaji wa Nyaraka

Kutopendelea ni wajibu wa mtunza nyaraka za umma kuzihifadhi hati kama zilivyotoka ofisini, bila kujali zinamsifu nani na zinamwaibisha nani. Wapo wanaosema "kutoegemea upande", lakini katika ghala la nyaraka mara nyingi hakuna pande mbili zinazoshindana. Kuna jalada, na kuna mtu mwenye uwezo wa kuamua libaki au liteketezwe. Upendeleo huingia hapo.

Wajibu huu hauna maana ya kuhifadhi kila karatasi. Nakala za ziada na barua za kuomba likizo huteketezwa kihalali muda wake ukifika. Kinachodaiwa ni kipimo kimoja, kilichoandikwa mapema, kitumike sawasawa kwa hati inayoijenga sifa ya mkubwa na kwa ile inayoibomoa.

Mwingereza Hilary Jenkinson, katika kitabu chake cha mwaka 1922, alishikilia kwamba mtunzaji asichague kabisa. Uteketezaji aiachie ofisi iliyozalisha hati. Nia ilikuwa njema, ila ofisi yenye la kuficha huwa imeachiwa kujihukumu yenyewe.

Kenya inalidhihirisha hilo. Kabla ya uhuru wa 1963, maofisa wa kikoloni waliagizwa wasiirithishe serikali mpya hati ambazo zingeiaibisha Uingereza. Kuzichambua waliruhusiwa raia wa Uingereza wenye asili ya Ulaya tu. Nyingi zilichomwa moto, nyingine zikasafirishwa kwa siri hadi Uingereza. Maagizo yalitaka hata majalada ya bandia yawekwe ili pengo lisionekane. Mwaka 2011, kesi ya wazee waliodai kuteswa wakati wa vita vya Mau Mau ikiendelea London, ilifichuka kwamba majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali nchini Uingereza.

Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Nyaraka, zilizopitishwa Beijing mwaka 1996, zinamtaka mtunzaji akatae shinikizo la kuchezea ushahidi, litoke kwa yeyote. Kanuni peke yake haimlindi mtumishi anayeweza kuhamishwa kesho yake. Kinga hiyo lazima itoke kwenye sheria.

Majalada ya Hanslope Park sasa yamo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew. Yaliyotoka Kenya yanastahili kurudi Nairobi, yenyewe halisi, si nakala zake.