Maneno ya Kiingereza yanayochanganya

Maneno ya Kiingereza yanayochanganya ni maneno ambayo wanafunzi wa lugha hiyo hutumia moja badala ya lingine kwa sababu yanakaribiana kwa sauti, kwa maandishi au kwa maana. Kwa wasemaji wa Kiswahili, makosa mengi ya aina hii hutokea kwa sababu lugha hizi mbili hazigawi maana kwa namna moja.

Maneno yanayofanana kwa sauti

Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, Kiingereza sivyo. William Caxton alianzisha uchapaji wa vitabu nchini Uingereza mwaka 1476, na polepole tahajia ikawa ya kudumu, lakini matamshi yaliendelea kubadilika. Kwa hiyo "meat" (nyama) na "meet" (kukutana), ambayo zamani yalitamkwa tofauti, leo yana sauti moja.

Mifano mingine:
- "Stationary" ni kitu kilichosimama mahali pamoja. "Stationery" ni vifaa vya kuandikia.
- "Principal" ni mkuu wa chuo au shule, au kiasi cha mkopo kabla ya riba; "principle" ni kanuni.
- "Affect" ni kitenzi, kuathiri. "Effect" kwa kawaida ni nomino, athari.

Neno moja la Kiswahili, mawili ya Kiingereza

Kitenzi "kuazima" huenda pande zote mbili: "Nimeazima kitabu kwa Asha" na "Asha ameniazima kitabu". Kiingereza hutenganisha: anayepokea hutumia "borrow", anayetoa hutumia "lend". Kwa fedha, Kiswahili huongeza kiambishi tu, yaani kukopa na kukopesha, lakini Kiingereza hurudia maneno yaleyale mawili. Vivyo hivyo kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind".

"Kusikia" nako hutumika kwa sauti, harufu, njaa na baridi. Kwa Kiingereza, sauti ni "hear", harufu ni "smell", njaa na baridi ni "feel". Kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe".

Maneno yaliyokopwa

Neno likishaingia katika Kiswahili huweza kupanua maana yake. "Hoteli" katika Afrika Mashariki ni pia mahali pa kula tu, lakini "hotel" ya Kiingereza ni nyumba ya kulala wageni.

Umuhimu

Nchini Tanzania, shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayechanganya maneno haya huweza kukosa alama hata katika somo analolielewa vizuri. Nje ya shule, katika mkataba wa mkopo ulioandikwa kwa Kiingereza, "lender" ndiye anayedai na "borrower" ndiye anayedaiwa. Atiaye sahihi hana budi kujua yeye ni yupi.