Sikukuu ya Michezo ya Altenstein

Walimu wengi hudhani kuwa siku ya michezo ya watoto wadogo ni pumziko tu baada ya masomo. Mjerumani Friedrich Fröbel hakuona hivyo. Mwaka 1837 alianzisha kazi yake ya malezi katika mji mdogo wa Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. (Sisi husema chekechea, na wengine shule ya vidudu; kati ya mche na mdudu, msomaji na achague.) Kifaa cha kwanza alichompa mtoto kilikuwa mpira laini wa sufu.

Tarehe 4 Agosti 1850 alikusanya watoto wapatao 300 kutoka miji na vijiji vya jirani, katika bustani ya kasri la Altenstein. Walishikana mikono wakafanya duara, wakacheza na kuimba mbele ya wazazi na wenyeji. Mzee huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 68, alitaka watu wazima waone kwa macho yao kwamba mchezo ndio kazi ya mtoto.

Agosti 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo, ikidai kwamba zaeneza ukafiri na ujamaa. Ilikuwa imemchanganya na Karl, mtoto wa ndugu yake, aliyeandika kijitabu. Fröbel alijitetea, asisikilizwe. Akafariki Juni 1852. Amri hiyo iliondolewa mwaka 1860. Lakini tangu 1856 Margarethe Schurz, aliyepata kuhudhuria mafunzo yake, alikuwa akiwachezesha watoto vivyo hivyo huko Watertown, Marekani.