Athanasia: Historia ya Neno la Kigiriki

Neno athanasia lina sehemu tatu: a-, kiambishi cha kukanusha, shina la thanatos, yaani kifo, na -ia, kiishio cha majina ya hali. Kwa hiyo maana yake ya asili ni hali ya kutokufa.

Katika tenzi za Homer, athanatoi, "wasiokufa", ni miungu. Binadamu ni kiumbe wa kufa. Nafsi yake hushuka kuzimu kama kivuli, na linalodumu duniani ni sifa yake tu.

Katika karne ya 4 K.K., Plato aliligeuza wazo hilo. Katika Phaidon, Sokrates, akingojea kunywa sumu, anatetea kwamba roho haifi, ingawa mwili huoza. Sifa iliyowatenga miungu na watu ikawa sasa sifa ya roho ya mtu.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto katika miaka ya 50 B.K., alishika njia nyingine. Kwake athanasia si mali ya asili ya roho. Ni kama vazi ambalo mwili wa kufa utavikwa siku ya ufufuo. Karibu nalo aliweka aphtharsia, hali ya kutoharibika.

Kiswahili nacho hukanusha kifo kwa kiambishi: ku-to-ku-fa. Umbo hilo lalingana vema na la Kigiriki, lakini umbo pekee halitoshi. Mfasiri hana budi kuuliza kwanza: ni nani asiyekufa, mungu, roho, au mwili uliofufuliwa?