Mikono Mingi katika Sanduku Moja: Historia ya Namna Seva Zinavyotunza Barua Pepe

Historia ya barua pepe huelezwa zaidi kwa upande wa safari, yaani jinsi ujumbe unavyotoka kompyuta moja na kufika nyingine, ilhali sehemu kubwa ya maisha ya barua hupita ikiwa imetulia ndani ya diski ya seva, ambayo ni kompyuta inayowahudumia watumiaji wengi kwa pamoja. Mpangilio wa barua hizo katika diski umebadilika mara kadhaa tangu mwaka 1965, na wengi hudhani kwamba kilicholeta mabadiliko ni wingi wa barua. Wingi ulichangia, lakini jambo lililowalazimu wahandisi kuacha mpangilio mmoja na kubuni mwingine, karibu kila mara, lilikuwa idadi ya programu zilizotaka kuligusa sanduku moja kwa wakati mmoja.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mdogo. Katika taasisi ya MIT nchini Marekani, mfumo ulioitwa CTSS uliwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa zamu za haraka kupitia mashine za kuchapia zilizounganishwa nayo, na mwaka 1965 Tom Van Vleck na Noel Morris waliuandikia mfumo huo amri ya MAIL. Barua haikusafiri popote, kwa kuwa mtumaji na mpokeaji walitumia kompyuta ileile. Maneno yaliongezwa tu kwenye faili iliyoitwa MAIL BOX, iliyokaa katika saraka ya mpokeaji, yaani mahali panapokusanya faili za mtumiaji mmoja. Ray Tomlinson wa kampuni ya BBN, aliyefanikiwa mwishoni mwa mwaka 1971 kutuma barua kati ya kompyuta mbili zilizounganishwa na mtandao wa ARPANET, aliibadilisha njia bila kulibadilisha sanduku. Katika mfumo wa TENEX alioutumia, sanduku lilikuwa faili ya kawaida yenye jina maalumu, ambayo wengine waliruhusiwa kuongeza maandishi mwishoni mwake lakini hawakuweza kuyasoma wala kuyafuta yaliyotangulia. Kusoma barua kulimaanisha kuichapa faili yote tangu juu hadi chini, mpaka mwaka 1972 Lawrence Roberts alipoandika programu ya RD, iliyoorodhesha barua na kumwezesha msomaji kuchagua aitakayo.

Mpangilio uliodumu kuliko yote ulikomaa katika mfumo wa Unix, uliozaliwa Bell Labs, na umekuja kujulikana kwa jina la mbox. Barua zote za mtumiaji hufuatana ndani ya faili moja ya maandishi matupu, na kinachozitenganisha ni mstari unaoanza na herufi nne za neno From na nafasi moja, ukifuatwa na anwani ya mtumaji na tarehe ya kupokewa. Programu inayosoma sanduku huupitia kila mstari, na inapokutana na herufi hizo baada ya mstari mtupu huhesabu kwamba barua mpya imeanza. Uzuri wa mpangilio huu hauna ubishi: hauhitaji chombo chochote cha pekee, unasomeka kwa macho, na kuongeza barua ni kuandika mwishoni tu. Ila aliyeubuni aliiweka alama ya mpaka ndani ya lugha ambayo watu huiandika kila siku, na Mwingereza au Mmarekani aliyeanza aya yake kwa neno From aliikata barua yake vipande viwili bila kujua.

Dawa iliyopatikana iliacha kovu. Programu za kupokea barua zilianza kutia alama ya > mbele ya kila mstari wa namna hiyo uliomo ndani ya barua, na kwa kuwa nyingi hazikuiondoa alama hiyo wakati wa kusoma, maandishi ya watu yalibadilishwa moja kwa moja. Wanasayansi waliotumiana makala zilizoandikwa kwa programu ya TeX waliliona kosa hilo likiwa limekwisha kuchapwa, kwa sababu fonti za asili za TeX huiweka alama ya kuuliza iliyopinduliwa mahali pa >, na hivyo makala za kitaalamu zikatoka zikiwa na ¿From mwanzoni mwa sentensi. Sahihi za kidijiti, ambazo huthibitisha kwamba hakuna herufi hata moja iliyoguswa tangu mwandishi atie sahihi, nazo zilivunjika kwa herufi hiyo moja, hata kiwango cha OpenPGP cha mwaka 2007 kikashauri mistari inayoanza na From ikingwe kabla ya kutiwa sahihi. Hati ya kiufundi ya Intaneti ya RFC nambari 4155, iliyotolewa mwaka 2005 ili kuutambua rasmi mpangilio wa mbox, ililazimika kukiri kwamba aina zake ni nyingi na kwamba hapakuwa na ufafanuzi mmoja uliokubaliwa na wote.

Tatizo zito zaidi lilikuwa la mikono. Mtumiaji anapofuta barua iliyo katikati ya faili ya mbox, programu hulazimika kuyaandika upya yote yanayofuata, na ikiwa barua nyingine itawasili wakati kazi hiyo inaendelea, ama ile mpya itapotea au faili nzima itaharibika. Kwa hiyo programu zilihitaji kufuli, yaani alama inayoziambia nyingine zisubiri. Baadhi zilitengeneza faili ndogo yenye jina la sanduku na kiambishi cha .lock, nyingine ziliomba kufuli kutoka kwa mfumo wa uendeshaji wenyewe, na hata hapo kulikuwa na njia zaidi ya moja ya kuomba. Programu mbili zilizotumia desturi tofauti hazikuonana hata kidogo, kila moja ikiamini kwamba iko peke yake. Hali ilizidi kuwa mbaya baada ya kampuni ya Sun Microsystems kuleta NFS katika miaka ya 1980, mfumo unaoziwezesha kompyuta nyingi kutumia diski moja kupitia mtandao, kwa kuwa katika matoleo yake ya awali haikuwa hakika kwamba kompyuta mbili zilizotaka kuunda faili ileile ya kufuli kwa dakika ileile zingepata majibu tofauti.

Shirika la RAND lilikuwa limekwisha kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1979 Bruce Borden aliandika huko programu ya MH, ambamo kila barua ilikuwa faili yake yenye jina la nambari, na kufuta barua kukawa ni kufuta faili moja tu. Hata hivyo nambari zilizofuatana zilikuwa na mtego wake, kwa maana wapokeaji wawili waliofanya kazi sambamba wangeweza kuikusudia nambari moja, na nambari zilipopangwa upya barua ilipoteza jina ililokuwa nalo jana.

Jibu kamili zaidi la tatizo la kufuli lilitoka kwa Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, aliyeandika programu ya qmail, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1997. Mpangilio wake, Maildir, hauna kufuli kabisa. Sanduku ni saraka yenye saraka tatu ndani yake, tmp, new na cur. Barua inayowasili huandikwa kwanza ndani ya tmp mpaka ikamilike na kuthibitishwa kwamba imefika katika diski. Kisha huhamishiwa new kwa tendo moja lisilogawanyika, kiasi kwamba msomaji ama haioni barua kabisa au anaiona ikiwa nzima. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kinachobaki ni kipande ndani ya tmp ambacho hakuna anayekisoma. Barua inapoonekana na programu ya msomaji huhamia cur, na hapo jina lake huongezwa alama za hali yake.

Faili yenye jina 1000000000.4102.posta:2,S, kwa mfano, inajieleza yenyewe kwa anayezijua kanuni. Tarakimu za mwanzo ni sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970, ambazo hapa zinaangukia tarehe 9 Septemba 2001, saa saba na dakika 46 usiku kwa saa za Greenwich. 4102 ni nambari ya mchakato, yaani kazi iliyokuwa ikiendeshwa na kompyuta wakati huo. Posta ni jina la kompyuta yenyewe. Na herufi S baada ya mkato inamaanisha kwamba barua imesomwa. Mahali pa S panaweza kuongezwa R kwa iliyojibiwa au T kwa iliyotupwa. Wapokeaji wawili hawawezi kugongana, kwa kuwa hawawezi kuwa na sekunde, mchakato na kompyuta ileile kwa pamoja. Kwa mashine za wakati huo hoja hiyo ilitosha. Baadaye kasi ilipoongezeka na mchakato mmoja ukaweza kupokea barua kadhaa ndani ya sekunde moja, Bernstein alipendekeza vitambulisho zaidi viongezwe katika jina. Kati ya mipangilio yote iliyotajwa hapa, huu ndio uliofikiriwa kwa makini kuliko mingine, ingawa uliisahau Windows, ambayo hairuhusu nukta mbili ndani ya jina la faili.

Wakati huohuo, mikono mingine ilikuwa ikiongezeka upande wa wasomaji. Mark Crispin alibuni itifaki ya IMAP katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986 (itifaki ni kanuni za mazungumzo baina ya kompyuta), akiwa na wazo kwamba barua zibaki katika seva na mtumiaji azisome kutoka kompyuta yoyote. Wazo hilo lilidai kila barua iwe na kitambulisho cha kudumu, nambari inayopanda daima na isiyorudiwa hata barua inapofutwa, pamoja na nambari ya pili ya sanduku lenyewe inayobadilika pale tu vitambulisho vya awali vya barua vinapokuwa haviaminiki tena. Wala mbox wala Maildir havikuwa na nafasi ya nambari hizo. Mradi wa Cyrus wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ulioanza mwaka 1994, ulihifadhi kila barua katika faili yake, lakini ukaweka kando faharasa yenye vitambulisho, tarehe, ukubwa na hali za barua zote, mithili ya daftari la karani wa masijala, ambaye hujibu maswali mengi bila kulifungua jalada lenyewe. Dovecot, programu iliyoanzishwa na Mfini Timo Sirainen mwaka 2002, iliendeleza wazo hilo kwa kuweka faharasa juu ya mbox na Maildir vilevile, na kuitengeneza upya faharasa inapoharibika.

Makampuni yalichukua njia nyingine. Microsoft Exchange, iliyotoka mwaka 1996, iliziacha faili za barua na kuziweka kumbukumbu zote katika hifadhidata, ambamo kila badiliko huandikwa kwanza katika daftari la matukio ili liweze kurudiwa seva ikianguka. Barua iliyotumwa kwa wafanyakazi mia moja wa hifadhidata moja ilihifadhiwa mara moja tu. Utaratibu huo wa kubana matumizi ulitupwa katika toleo la 2010, kwa sababu diski zilikuwa zimekuwa nafuu na kubwa huku kasi yake ya kurukaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine ikiwa haijaongezeka kwa kiwango hicho, na kurudia nakala zilizopangwa pamoja kukawa nafuu kuliko kuzitafuta zilizotawanyika.

Huduma za ujumbe wa simu zilipokuja, swali liligeuzwa. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009 juu ya programu ya ejabberd iliyoandikwa kwa lugha ya Erlang, huuchukulia ujumbe ulio katika seva kuwa foleni tu: ukishafikishwa hufutwa, na usiofikishwa hukaa hadi siku 30. Kumbukumbu ya kudumu hukaa katika simu ya mtumiaji, ndani ya hifadhidata ndogo ya SQLite, ambako mkono unaoandika ni mmoja.

Mpangilio wa mbox, pamoja na kasoro zake zote, haujaondoka. Mtumiaji wa Gmail anayeomba nakala ya barua zake zote kupitia huduma ya Takeout ya Google hupewa faili ya mbox, ambamo kila barua inaanza na mstari wa From.