Mashua ya Mitumba: Soma Hii Kabla Utume Doh

Wasee wa Kakamega, najua maji yetu ni Mto Isiukhu na ile mvua ya saa tisa. Lakini kuna masela wengi wa huku wanasaka kazi Lamu na Kilifi, wanaona tanga likipita, na wazo linaingia: si ninunue yangu, hata kama imezeeka, nibebe watalii, wikendi nizurure nayo? Inawezekana. Ila bei ya kununua ndio sehemu rahisi.

Kwanza jua unanunua nini. Ngalawa na dau ni ndogo, jahazi ni lori la baharini. Ya katikati ndio mashua: mlingoti mmoja, tanga la pembe tatu, nyuma imekatwa bapa, juu wazi. Lamu bado zinaundwa, kijiji cha Matondoni kina jina kwa hiyo kazi, na mbao inayoheshimiwa ni mbambakofi. Ngumu, nzito na ghali.

Sasa noma iko chini. Mashua inaweza kumeremeta na rangi mpya, kumbe tumbo limeliwa. Kuna mdudu wa baharini anatoboa mbao akiingilia kwa tundu dogo sana, halafu anajichimbia njia ndani. Kwa macho huoni kitu. Kwa hivyo usiwahi nunua mashua ikielea. Ngoja bamvua, zile siku za mwezi mwandamo au mpevu maji yakijaa na kupwa kabisa, ilazwe mchangani. Enda na fundi wako, sio wa muuzaji. Agonge kila ubao akisikiliza, adunge kisu kwa maungio, akague mkuku na mataruma, na aangalie misumari kama inalia kutu. Muuzaji akikataa hii, buda, rudi stage.

Ukishanunua, hustle ndio inaanza. Kinyumbani, chini inachomwa na makuti ili mdudu afe, kisha inapakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Hiyo si mara moja, ni kila mara. Katikati ya mbao kuna kalafati, pamba yenye mafuta iliyoshindiliwa. Ikichoka, maji yanaingia na utafua hadi mikono iishe. Mbao za juu zinapakwa sifa, mafuta ya papa. Manze, hiyo harufu utapanda nayo matatu hadi Malindi. Na usidhani kuiacha nchi kavu miezi mingi ni kuitunza: jua linakausha mbao na nyufa zinafunguka.

Kalenda yako ni upepo. Kaskazi, kama Disemba hadi Machi, inakusukuma kutoka Lamu kushuka Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Kusi, kuanzia Aprili, inakurudisha, lakini Juni na Julai bahari inachafuka na wengi wanafunga tanga. Kama bado unajifunza, baki maji ya ndani: kati ya Lamu, Manda na Pate, ama ndani ya Kilifi. Kugeuza tanga kunamaanisha kuzungusha foromali, ule mti mrefu unaolibeba, hadi upande wa pili wa mlingoti. Si kazi ya mtu mmoja. Ajiri nahodha mzae, umlipe vizuri, na umsikize akisema leo hatutoki.

Kuna mbogi iliamua kukwepa mdudu kabisa. Flipflopi iliundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, 2019 ikaenda hadi Zanzibar, na 2021 ikaletwa huku kwetu Ziwa Victoria. Mafundi walewale wa mbao ndio waliichonga.

Karatasi nazo: Kenya Maritime Authority ndio inakagua na kusajili vyombo vidogo. Ukibeba abiria bila leseni na jaketi la kuokolea la kila mtu, unacheza na maisha ya watu. Uliza muuzaji karatasi ziko kwa jina la nani, kabla hata ya kuuliza bei.