Ardhi Tupu na Sababu Zake: Funzo la Mradi wa Karanga wa Kongwa

Miongoni mwa mipango ya maendeleo iliyobuniwa ng'ambo na kutekelezwa katika nchi zetu, Mradi wa Karanga wa Tanganyika (1946–1951) hutajwa mara kwa mara, na aghalabu hutajwa kwa dhihaka. Hapa tutautazama kwa jicho jingine, kwa kuuliza: mpangaji husoma nini anapoitazama nchi ya wengine?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulikagua nchi kwa majuma tisa tu, kisha ukapendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. 80 kati yake yawe Tanganyika.

Izingatiwe kwamba Wakefield hakuwa mgeni. Aliwahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Hivyo haitoshi kusema kwamba wapangaji hawakuijua nchi. Kasoro ilikuwa katika namna ya kuisoma. Uchache wa watu Kongwa ulihesabiwa kuwa fadhila, kwani mashine zingepata nafasi bila kuwahamisha wengi. Lakini utupu huo wenyewe ulikuwa ushahidi. Katika Ugogo mvua hunyesha msimu mmoja, nayo haiaminiki. Ndiyo maana Wagogo walipanda mtama na uwele, mazao yastahimiliyo ukame, wakatawanya mifugo yao kwa ndugu na marafiki wa mbali ili janga la mahali pamoja lisiwamalize. Kilimo na ujamaa wao vilikuwa kumbukumbu ya hali ya hewa, iliyoandikwa pasipo karatasi.

Kumbukumbu hiyo haikusomwa, wala shamba la majaribio halikutangulia. Matokeo yanajulikana. Mibuyu na vichaka vilizishinda trekta zilizokwishatumika. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zisichimbike. Na mvua ikapungua. Mwaka 1947 zilikusudiwa kupandwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango wa awali, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Baadaye sehemu ya ardhi ya Kongwa ikawa ranchi ya ng'ombe: ufugaji uliokuwa riziki ya wenyeji tangu awali.

Tusihitimishe, hata hivyo, kwamba mwenyeji hakosei. Jamii yoyote ina wakubwa na wadogo, wanaume na wanawake, wenye mifugo na wasio nayo. Kila mmoja huijua ardhi kwa upande wake. Kuchunguza mazingira ya mahali ni kuzikusanya sauti hizo, kuzilinganisha na vipimo vya wataalamu, kisha kujaribu kwa udogo kabla ya kupanua. Aidha, ni kuwapa wenyeji uwezo wa kukataa. Kongwa, hata kama wangeulizwa, hawakuwa na baraza ambalo London ililazimika kulisikiliza.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mpangaji anayekuta ardhi tupu na aanze kwa kuuliza: waliotangulia waliiacha kwa nini? Jibu hilo litafutwe kabla ya bajeti kuandikwa, kwa kuwa wapangaji wakishaondoka, mwenye kubaki na shamba lililoshindwa ni mkulima.